Mashine ya Majani Isiyoshikwa Mkono

Fungueni madaftari yenu, na aliye mbali na redio asogee karibu.

Somo letu la leo la historia ni habari ya mashine ya kukatia majani. Wako mafundi siku hizi wanaoitengeneza nyumbani kwao kwa namna ya ajabu. Mashine inazunguka uwanjani bila mtu nyuma yake, na mwenyewe amesimama kivulini, ameshika kisanduku kidogo cha kuiongozea. Habari hii ilianza zamani, kabla ya umeme na kabla ya petroli.

Tuanze na fyekeo. Ninyi mnaolijua fyekeo mnajua kwamba mkono na kisu ni kitu kimoja. Mkono ukisimama, kisu kimesimama. Ukimwona mtoto anapita mbele yako, unazuia mkono, na hatari imekwisha. Likumbukeni jambo hilo.

Huko Uingereza, mpaka mwaka 1830, majani ya viwanja yalikatwa kwa mundu mrefu wa kushikwa kwa mikono miwili. Wakataji waliamka alfajiri, umande ungali juu ya majani, maana majani makavu hulala chini na kuukimbia wembe. Viwanja vilivyonyolewa vizuri vilikuwa vya matajiri tu, wenye uwezo wa kuwalipa watu wengi kwa kazi hiyo.

Katika mji wa Stroud, ambao watu wake waliishi kwa kufuma nguo za sufu, alikuwako fundi jina lake Edwin Beard Budding. Katika viwanda vile ilikuwapo mashine ya kunyoa manyoya yaliyosimama juu ya nguo, ili nguo iwe laini. Ilikuwa na silinda yenye visu vilivyopinda, inayozunguka. Budding alijiuliza: ikiwa inanyoa nguo, kwa nini isinyoe uwanja? Akaunda mashine ya chuma yenye silinda ya visu upana wa inchi 19. Tarehe 31 Agosti 1830 akapewa hati ya kulinda uvumbuzi wake. Husemwa kwamba aliijaribu usiku, majirani wasije wakamcheka.

Bwana huyu hutajwa pia kuwa ndiye aliyetengeneza spana ya kurekebisha mdomo kwa skrubu. Ni ile spana ambayo mafundi wetu wameipa jina lisilofaa kutamkwa redioni. Mnaifahamu.

Basi, mashine ya Budding ilisukumwa na mtu. Gurudumu zito la nyuma likibingirika lilizungusha magurudumu ya meno, na hayo yakazungusha visu. Angalieni vizuri: nguvu ya visu ilitoka miguuni na mikononi mwa msukumaji. Akiacha kusukuma, visu vinasimama. Mtu alikuwa amesogea hatua moja kutoka kwenye wembe, lakini kisu kilikuwa bado kinamtii kama fyekeo.

Baadaye farasi walifungwa mbele ya mashine kubwa, nao wakavishwa viatu vya ngozi ili kwato zisitoboe uwanja. Mwaka 1893 James Sumner, wa jimbo la Lancashire, alipata hati ya mashine ya majani iendeshwayo kwa mvuke. Mwaka 1902 kiwanda cha Ransomes, katika mji wa Ipswich, kilianza kuuza mashine ya petroli. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Injini haichoki, wala haina habari ya mtoto anayepita. Mtu anaweza kuanguka, na kisu kikaendelea kuzunguka.

Sasa twende Australia, mwaka 1952, katika kitongoji cha Concord mjini Sydney. Mervyn Victor Richardson alikuwa amejifungia katika banda la gari lake, akiunganisha vyuma vikuukuu. Kabla yake mtu mwingine mjini humo alikwisha kutengeneza mashine ya kisu kinachozunguka chini kwa ubapa, lakini ilikuwa nzito mno, watu wawili waliihangaikia. Richardson alitaka iliyo nyepesi. Alichukua injini ndogo, akailaza ubavu, kisu kikawa kinazunguka chini kama pangaboi lililogeuzwa. Hakuwa na tangi la petroli, akafunga kopo tupu la matunda. Mimi hupenda sana habari ya kopo hilo, kwa sababu mashine ile ilizaa kampuni kubwa ya Victa, ambayo jina lake limetokana na jina lake la kati, Victor.

Lakini kisu cha namna hii kina ukali wake. Hufikia mizunguko kama 3,000 kwa dakika moja. Gawanyeni kwa 60: ni mizunguko 50 kwa sekunde. Jiwe likiguswa na kisu hicho huruka kama limerushwa kwa teo. Watu wengi walipoteza vidole vya mikono na miguu, hasa wale waliotia mkono chini ya mashine kutoa majani yaliyokwama. Ndipo Marekani ikaweka sheria: mashine za kusukuma za namna hiyo zilizotengenezwa kwa matumizi ya nyumbani baada ya tarehe 30 Juni 1982 lazima ziwe na mpini wa kushikilia, na mtu akiuachia, kisu kisimame katika sekunde 3. Maana yake, sheria ilirudisha ile tabia ya fyekeo: mkono ukiacha, kisu kinasimama.

Je, mashine isiyoshikwa na mkono wowote itakuwaje?

Mawimbi ya redio, haya haya yanayowaletea sauti yangu, yanaweza pia kubeba amri. Mwaka 1898, mjini New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo ya chuma ikielea katika bwawa. Hapakuwa na kamba wala waya kati yake na ile mashua, lakini ilikwenda na kugeuka kama alivyotaka. Mashine za majani za leo zinazoongozwa kwa mbali ni wajukuu wa mashua ile. Zina faida yake ya kweli: kwenye mtelemko mkali wa kingo za barabara, mtu hubaki juu salama, hata mashine ikipinduka.

Fundi wa nyumbani mara nyingi hutumia mota mbili za kiti cha umeme cha watu wasioweza kutembea, kwa sababu zina nguvu na mwendo wake ni wa polepole. Kila gurudumu la nyuma lina mota yake. Zote zikienda mbele, mashine inanyoka. Moja ikirudi nyuma, mashine inageuka papo hapo kama kifaru cha vita. Magurudumu ya mbele hujigeukia yenyewe. Katikati hufungwa mashine ya kawaida ya petroli. Hayo ni mambo ya kuchomelea vyuma na kuunga nyaya, na fundi mzuri hayashindwi.

Linaloshinda wengi ni hili: mawimbi yakikatika, au betri ya kisanduku ikafa, mashine itafanya nini? Iliyoundwa vibaya hushika amri ya mwisho iliyosikia. Kama ilikuwa ni kwenda mbele, inakwenda mbele, na kisu chake, mpaka ipate ukuta au mtu. Iliyoundwa vizuri ina swichi inayoshikiliwa na umeme muda wote ambao amri zinafika. Amri zikikoma, swichi hujiachia yenyewe, mota husimama, cheche ya injini hukatika. Swichi hiyo ndiyo mpini mpya. Na kwa kuwa kisu huendelea kuzunguka kidogo hata injini ikizimwa, panahitajika pia breki ya kukishika.

Fundi mwangalifu huijaribu kabla hajafunga kisu. Huinua magurudumu juu ya matofali, huyaendesha kwa nguvu zote, kisha hukizima kisanduku makusudi. Magurudumu yakiendelea kuzunguka, kisu hakifungwi siku hiyo.

Kazi ya nyumbani: andikeni sentensi tano juu ya chombo chochote chenye kisu mnachokitumia, na mweleze kinasimamishwa namna gani. Kwaherini mpaka juma lijalo.