Kibaba cha Nyanya

Methali ya haba na haba hujaza kibaba nilifundishwa mara mbili. Kwanza darasani, nikainakili na kupata alama. Pili jikoni kwa nyanya, Mombasa, alipoona nimeacha punje za mchele sakafuni. "Okota. Zote. Kwani wafikiri kibaba chajazwa na nini?"

Kibaba chake kilikuwa kopo la bati lililobonyea ubavuni. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Sikujua kwamba nafunzwa nusu na robo. Nilidhani natumwa tu. "Tia kisaga, punguza ukufi." Nikikosea, wali hautoshi, na wa kula mwisho ni mimi.

Lugha nayo ilikuwa humo humo. "Nyanya, mpunga umeiva?"

"Mpunga uko shambani. Ukikobolewa ni mchele. Mchele ukipikwa ni wali. Haya, uliza tena."

Kiingereza cha kila siku hutosheka na neno moja hapo. Wenye majina matatu wamekaa na kitu hicho muda mrefu. Wanaakiolojia wamechimbua punje zake Chwaka, kisiwani Pemba, mji uliokaliwa tangu karne ya 11. Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331, alikaribishwa wali wa samli. Mahindi yalichelewa sana. Asili yake bara la Amerika, yakaja enzi za Wareno, nasi tukayapa jina la Uhindi. Kosa hilo twalisonga sima kila jioni.

Sokoni siku hizi ni kilo na gorogoro. Lakini pishi haijafa: mwisho wa Ramadhani, fitri bado hutajwa kuwa pishi moja kwa kila kichwa. Mwaka huu nilimwambia mpwa wangu wa miaka minane apime ya nyumba nzima. Akaniletea mzani wa jikoni.

"Si mzani. Pishi."

"Pishi ndiye mpishi?"

Nilicheka, kisha nikaona haya. Kopo la nyanya tulilitupa wenyewe tulipohama, pamoja na mbuzi ya kukunia nazi.

Nikatafuta kopo la ujazo unaokaribia ule. Tuko saba, nikamwambia, na pishi ni vibaba vinne. Akahesabu vidole, akaomba na vyangu, akafika 28. Akaanza kupima. Kwenye cha 15 hesabu ikampotea. Akamimina mchele wote guniani, akaanza upya.