Kitanda cha Mlimani na Kodi ya Miezi Sita

Mwanafunzi wa mwaka wa pili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anapoamua abaki hosteli, apange chumba Sinza au abebwe na rafiki mwenye kitanda, anaonekana anaamua jambo lake mwenyewe. Mzazi atampa ushauri kwa simu, dalali atamzungusha vyumba vitatu na kukisifia kile kibaya zaidi, lakini neno la mwisho ni lake. Ukiitazama historia ya Mlimani, kampasi kuu ya chuo hicho, utaona kwamba uamuzi huo una umri, tena si mkubwa. Kwa takriban miaka thelathini ya kwanza ya chuo hakukuwa na la kuamua: aliyechaguliwa kusoma alikuwa amekwisha kupata kitanda na sahani ya chakula. Swali la mahali pa kuishi lilizaliwa pale vitu hivyo vilipoacha kutolewa kama vitu vikawa fedha, fungu moja la kula na kulala linalotiwa mkononi mwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Tangu hapo, kila anayechagua chumba anachagua pia atakula nini.

Chuo chenyewe kilianzia mjini. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kilifungua milango katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika ishirini, chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1964 kikahamia kilimani, kilomita 13 hivi magharibi ya katikati ya jiji, mahali ambapo wakati huo palikuwa pori na mashamba. Kuhama huko kulifuata fikra iliyokuwa imekwisha kukomaa. Tume ya Asquith, iliyotoa taarifa yake mwaka 1945 kuhusu elimu ya juu katika makoloni ya Uingereza, ilitaka vyuo vipya viwe vya bweni: wanafunzi wangetoka mbali, makazi mengi ya mjini hayakufaa kusomea, na kuishi pamoja kungewaunganisha vijana wa makabila mbalimbali. Makerere, alikosoma Nyerere kati ya 1943 na 1945, ilikuwa tayari inaishi hivyo, na mabweni yake kama Northcote na Mary Stuart yalijenga utambulisho uliodumu miongo mingi. Bila shaka kusoma ukiwa umehifadhiwa hakukuletwa na Waingereza. Madrasa ya Riyadha ya Lamu, iliyoasisiwa na Habib Saleh, ilikuwa ikiwapokea na kuwahifadhi wanafunzi kutoka pwani yote ya Afrika Mashariki kabla ya Asquith kufikiriwa. Tofauti ni kwamba mwanafunzi wa Riyadha alikaa ndani ya mji, akapita vichochoro vilevile na wavuvi na mafundi. Mlimani ulijengwa ili mwanafunzi asiwe mjini.

Hapo ndipo lilipo pingamizi la kwanza, na ni zito. Yaweza kusemwa kwamba bweni la kale halifai kulilia, kwa kuwa lilikuwa anasa ya wachache iliyolipwa na mkulima wa pamba na katani ambaye mwanawe hakufika hata darasa la nne. Nyerere mwenyewe aliliona hilo. Oktoba 1966 wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakilalamikia sehemu ya mshahara ambayo wangekatwa, aliwafukuza zaidi ya 300 na papo hapo akakata mshahara wake kwa asilimia 20. Ujumbe ulisikika: mliolishwa na kulazwa na wakulima hamwezi kudai zaidi. Na Azimio la Musoma la 1974 lilitaka anayeingia chuo kikuu awe kwanza amefanya kazi, hivyo vyumba vilevile vilivyojengwa kwa ajili ya vijana waliotoka shule vikaanza kupokea watu wazima, wengine wenye wake na watoto walioachwa mikoani. Nalikubali pingamizi hili kwa nusu. Kweli bweni lilikuwa la wachache. Lakini uchache ulikuwa katika mlango wa kuingilia, haukuwa katika vyumba. Ukishaingia, mtoto wa chifu na mtoto wa mchunga mbuzi walilala vyumba vya aina moja na kupanga foleni moja ya chakula. Usawa wa namna hiyo ni rahisi kuudharau mpaka utakapokosekana.

Tena ukaribu huo ulizaa mambo. Kundi la wanafunzi wanamapinduzi la USARF, ambalo Yoweri Museveni alikuwa kiongozi wake alipokuwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1960, na jarida lake la Cheche, lisingekua kwa kasi ile kama wanachama wangelazimika kuwahi basi la mwisho kwenda Temeke. Mihadhara ya mwanahistoria Walter Rodney iliendelezwa usiku vyumbani. Sisemi bweni huzalisha fikra. Vyuo vingi vya bweni duniani vimezalisha walevi tu. Nasema muda wa jioni ni mali ya kielimu, na mwanafunzi anayekaa mbali huuacha barabarani.

Mfumo huo haukufa kwa siku moja. Uchumi wa miaka ya 1980 uliuchosha kwanza: mabomba, vitanda, kafeteria, kila kitu kilikuwa kikichakaa wakati serikali ikijadiliana na wakopeshaji wake. Mwaka 1990 chuo kilifungwa kwa miezi kadhaa baada ya mgomo. Kuanzia 1992 sera ya kuchangia gharama ikaingia kwa awamu, na katika awamu ya pili chakula na malazi vikaondolewa katika orodha ya vitu vya bure. Wakati huohuo mlango wa kuingilia ukaanza kupanuliwa. Chuo kilichokuwa na wanafunzi kama 3,000 mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilikuwa na zaidi ya 15,000 kabla ya 2010, wakati mabweni yaliyojengwa chuo kilipokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki yalibaki yaleyale, pamoja na hosteli ya Mabibo iliyoongezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 nje ya eneo la chuo. Wasimamizi wakalazimika kuchuja. Utaratibu uliozoeleka vyuoni ukawa kutanguliza wa mwaka wa kwanza, kwa hoja kwamba ni wageni, pamoja na wenye ulemavu. Aliyebaki kutafutiwa sababu ya kuondoka ni wa mwaka wa pili: ameshaujua mji, hana mtihani wa mwisho wa kumwombea huruma.

Jibu la kwanza la wanafunzi lilikuwa kubebana. Mwenye kitanda humpokea asiye na kitanda, wanalala wawili kwenye godoro la mmoja, na chumba cha watu wanne kinakuwa cha watu wanane. Wapo wanaousifu mtindo huu kama ushahidi wa undugu wetu, na undugu upo kweli. Ila hesabu yake ni ya kikatili kidogo: gharama ambayo chuo na serikali zilishindwa kuibeba ilihamishiwa kwenye choo, bomba na mgongo wa mwanafunzi aliyebahatika. Idadi ya vitanda kwenye daftari la chuo haikuongezeka hata kwa kimoja, na kwa kuwa aliyebebwa hakuandikwa popote, tatizo lilionekana dogo kuliko lilivyokuwa.

Jibu la pili lilikuwa mtaa, nao mtaa una historia yake. Sinza na Kijitonyama, ambazo leo zimejaa geto za wanafunzi, yaani vyumba vyao vya kupanga, zilipimwa katika miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja ulioanza 1974 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Lengo lilikuwa mfanyakazi wa kipato cha chini apate kiwanja na huduma za msingi, kisha ajijengee. Wengi walijenga nyumba ile tunayoijua wote: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua nyuma wenye jiko, choo na bafu. Nyumba hiyo tangu mwanzo ilikusudiwa kupangisha. Mwenye nyumba alikaa vyumba viwili, vilivyobaki vikamlipia ada za watoto. Hivyo wanafunzi walipoanza kushuka kutoka kilimani kwenda Sinza, Mwenge, Ubungo, Msewe na Changanyikeni, soko lilikuwa linawasubiri, likiwa na dalali wake anayedai kodi ya mwezi mmoja kama ujira na mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984, hata kama ilikuwa imekwisha kulegea, ilifutwa mwaka 2005. Mwaka huohuo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi. Yaani mkono mmoja wa serikali ulikuwa ukimpa mwanafunzi fedha za malazi, na mwingine ukaondoa kizuizi kilichobaki kwa mwenye nyumba anayezipokea hatimaye. Sidhani kuna aliyepanga hivyo, na ndiyo maana hakuna aliyeulizwa.

Athari yake inaonekana kwa hesabu ya kidaftari. Kati ya 2015 na 2022 fedha ya kujikimu kwa mwenye mkopo kamili ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, kula na kulala pamoja. Fedha hiyo, ambayo wanafunzi huiita boom, huja kwa mafungu, na fungu la siku 60 lilikuwa shilingi 510,000. Tuseme mwanafunzi amepata chumba cha 60,000 kwa mwezi. Kodi ya miezi sita ni 360,000, na inatakiwa kabla hajapewa ufunguo. Anabakiwa na 150,000 za siku 60, yaani 2,500 kwa siku, kabla ya dalali, godoro, luku na nauli. Mwenzake aliyepata nafasi katika hosteli za Magufuli, zilizofunguliwa Aprili 2017, alilipa shilingi 500 kwa siku na kubaki na 8,000. Wote wawili wako mwaka wa pili, wana mkopo wa kiwango kimoja na huenda wanakaa dawati moja. Kilichowatofautisha ni orodha ya majina ukutani. Kumwambia yule wa kwanza kwamba amechagua mtaa ni kuongeza chumvi kwenye kidonda, hasa ukikumbuka kwamba asiye na mkopo kabisa hamfikii hata huyo.

Hapa hutokea pingamizi la idadi: serikali gani ingeweza kumjengea kitanda kila mmoja wa maelfu haya? Historia ya karibuni inalijibu vizuri kuliko nadharia. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza 2007 kikiwa na dhamira ya kupokea maelfu ya wanafunzi, kilijengwa pamoja na hosteli zake, kwa kuwa waliokipanga walijua Dodoma ya wakati ule haikuwa na vyumba vya kupanga vya kutosha. Hosteli za Magufuli, majengo 20 yenye nafasi 3,840, zilitangazwa kugharimu shilingi bilioni 10 na zilijengwa ndani ya mwaka mmoja na Wakala wa Majengo. Unaweza kubishana kuhusu ubora wa ujenzi wa haraka kiasi hicho, na watu walibishana. Lakini huwezi tena kusema haiwezekani. Dar es Salaam ilisubiri kwa sababu ilikuwa na Sinza. Palipokuwa na wenye nyumba tayari, upungufu wa vitanda haukuwa aibu ya mtu yeyote.

Pingamizi lililobaki ndilo ninaloliheshimu zaidi: wanafunzi wengi wanaipenda geto. Wanapika wanachotaka, hawaulizwi saa ya kurudi, wanasoma kimya bila watu wanane chumbani. Kwa wanawake hoja hii ina uzito wa pekee, kwani bweni la zamani halikuwa salama kwao. Kundi la Punch, lililowadhalilisha wanafunzi wa kike kwa mabango ya ukutani, lilistawi palepale penye ukaribu niliousifu, na Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kuandamwa. Kwa hiyo simtetei Asquith wala sidai kila mtu arudishwe chini ya mlezi wa bweni. Lakini mtaa nao una giza lake: njia ya kutoka maktaba hadi Changanyikeni saa nne usiku si uhuru kwa kila mtu, na mwenye nyumba anayejua kwamba binti amelipa miezi sita ambayo hawezi kuirudisha ana nguvu ambazo mlezi wa bweni hakuwa nazo. Uhuru wa kuchagua geto ni wa kweli kwa yule ambaye angeweza kuikataa.

Mwaka wa fedha wa 2022/23 kiwango cha kujikimu kilipanda hadi shilingi 10,000 kwa siku, na fungu la siku 60 likawa 600,000. Hatua hiyo ilipokewa kwa furaha, na ilistahili. Haikugusa, hata hivyo, ule mgongano uliokuwepo tangu 2005: boom hupimwa kwa siku 60, kodi hupimwa kwa miezi sita, na chumba cha Sinza hakina sababu ya kubaki bei ileile baada ya tangazo kama hilo kusomwa redioni. Fungu la malazi lingeweza kutenganishwa na la chakula na kulipwa kwa kipindi ambacho mwenye nyumba anakidai, au kubadilishwa kwa kitanda pale kitanda kinapopatikana. Kwa sasa bado linatolewa kama lilivyotolewa mwanzo, fungu moja, na wa mwaka wa pili ndiye anayeligawa kati ya sufuria na ufunguo.