Utelekezaji, au Kumkosesha Mtoto Matunzo?

Wakimbizi wa Kongo waliohamia Fort Worth na Houston, jimboni Texas, hukutana na neno "neglect" siku ofisa wa ulinzi wa watoto anapobisha hodi, na hulisikia kupitia kwa mkalimani. Tafsiri inayokuja upesi ni utelekezaji. Mimi naikataa.

Kutelekeza ni kumwacha mtu ukaenda zako. Mama anayefanya kazi ya usiku, akamwachia binti yake mkubwa wadogo zake, hajamtelekeza yeyote. Kule Uvira, Kongo, alikotoka, dada mkubwa ni mlezi wa pili, na jirani yuko karibu wa kuitwa. Fort Worth jirani hamjui.

Sheria ya Texas yenyewe ina mipaka. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, ili kosa la "neglect" lithibitike, lazima mzazi awe ameonyesha kutojali kabisa matokeo ya alichofanya, na mtoto awe ameumia au amewekwa katika hatari ya papo kwa papo. Mzazi aliyeshindwa kutoa chakula, nguo au makazi hasa kwa sababu ya ufukara hahesabiwi mkosaji, isipokuwa kama alipewa msaada akaukataa. Utelekezaji hauachi nafasi ya tofauti hiyo, kwa kuwa umeshahukumu. Ndiyo maana napendekeza "kumkosesha mtoto matunzo": linataja kilichopungua kwa mtoto, na sababu inabaki kuchunguzwa.

Mara nyingi sababu ni kwamba familia imeelemewa. Kiswahili kina bahati ya kuwa na kitenzi hiki, maana aliyeelemewa hutuliwa mzigo, na kuzuia madhara kwa watoto huanzia hapo: kodi ya nyumba, mtu wa kukaa na watoto, ushauri kwa mzazi aliyechoka. Houston kuna DePelchin, kituo kilichoanza mwaka 1892 kwa kulea yatima, ambacho leo husaidia pia wazazi kabla mambo hayajaharibika. Mtandao wa Safe Families, ulioanzia Chicago mwaka 2003, hutafuta familia za kujitolea zinazompokea mtoto kwa muda, huku mzazi akibaki na haki zake zote.

Texas humtaka kila anayeshuku kwamba mtoto anadhulumiwa au anakoseshwa matunzo atoe taarifa, hilo lisipuuzwe. Lakini ukiona jirani ameelemewa tu, mwambie apige 2-1-1 aulizie msaada. Simu ni bure, na anaweza kuomba mkalimani.