«Mukono haina kinywa»: historia ya dawa ya wadudu na ngozi yetu



Mwaka wa mwisho wa lisansi nilifanya staji kwa wakulima wa nyanya, kule milimani karibu na Bukavu. Asubuhi moja nikakuta baba mmoja mzee anakoroga dawa ya wadudu ndani ya ndoo, mkono mtupu mpaka kwenye kiwiko. Nikamwambia: «Baba, hiyo ni sumu.» Akacheka. «Agronomu, mimi siikunywe. Mukono haina kinywa.»

Nilikosa la kujibu. Darasani tulikuwa tumesoma majina ya dawa na vipimo kwa hektari, lakini habari ya ngozi ilipita mbio. Njo maana nikaanza kutafuta: watu walijua tangu lini kwamba sumu inapita kwenye ngozi?

Walijua zamani. Kabla ya vita ya pili ya dunia, nikotini, ile ya tumbaku, ilitumiwa sana kuua wadudu. Mwaka 1933 gazeti moja la waganga wa Marekani lilieleza habari ya muuza maua aliyekaa kwenye kiti chenye kumwagikiwa nikotini ya asilimia 40. Suruali ikalowa, yeye akaendelea na kazi. Baada ya robo saa hivi akashikwa na kichefuchefu, akaanguka, wakamkimbiza hospitali. Akapona. Siku ya kutoka wakamrudishia nguo zake zile zile, bila kufuliwa. Akazivaa, na sumu ikamshika mara ya pili! Hakunywa hata tone moja.

Basi juu ya nini watu walisahau? Mimi naona ni juu ya DDT. Mwaka 1939, kule Uswisi, Paul Müller aligundua kwamba DDT inaua wadudu, na mwaka 1948 akapewa tuzo ya Nobel. Mwanzoni mwa 1944, mjini Napoli, Italia, tifusi ya chawa ilikuwa inaua. Askari wa Marekani na Uingereza wakawapulizia watu zaidi ya milioni moja unga wa kuua chawa, DDT ikiwemo, ndani ya nguo na kwenye nywele. Chawa wakafa, watu hawakuanguka. DDT ikiwa unga mkavu, inapita kidogo sana kwenye ngozi. Ikiyeyushwa ndani ya mafuta, inapita vizuri zaidi. Lakini macho ya watu yaliona unga tu. Dunia ikajifunza somo la uongo: dawa ya wadudu haimdhuru mtu asiyeinywa.

Mwaka ule ule wa 1944, Mjerumani Gerhard Schrader alitengeneza parathion. Huyu njo yule aliyekuwa amegundua tabun mwaka 1936, sumu ambayo jeshi liliifanya silaha. Parathion ni ndugu yake. Inazuia kolinesterasi, kile kimeng'enya kinachozima ujumbe wa neva. Kikizuiwa, mate na machozi yanatoka, mboni za macho zinakuwa ndogo, kifua kinabana, na mtu anaweza kufa. Baada ya vita ikaingia mashambani, na wafanyakazi wakaishika kama walivyoshika unga wa DDT. Wengi walikufa. Mwaka 1963, kule California, hata wavunaji wa matunda ambao hawakushika pompi waliugua, kwa kugusa tu majani yenye mabaki ya dawa.

Mbona inapita? Tabaka la juu la ngozi ni chembe zilizokufa, zimeshikanishwa na mafuta. Maji yanapita kwa shida. Kitu kinachoyeyuka ndani ya mafuta kinapata njia. Na mdudu naye amevaa nta mwilini. Dawa iliyotengenezwa ipenye nta ya mdudu, itashindwa vipi na ngozi yetu?

Mwaka 1971, Feldmann na Maibach walitoa vipimo vya parathion kwenye ngozi ya watu. Kwenye mkono, kati ya kiwiko na kiganja, ilipita karibu asilimia 9. Kiganja, 12. Paji la uso, 36. Kwapa, 64. Kwenye mfuko wa korodani, karibu yote. Sasa fikirini ile pompi ya mgongoni inayovuja: maji ya dawa yanashuka wapi? Mgongoni, kiunoni, halafu ndani ya suruali. Na jua na jasho vinaongeza kazi.

Tukumbuke pia elimu ya namna hii ilitoka wapi. Desemba 2022, chuo kikuu cha California kule San Francisco kiliomba msamaha kwa majaribio ambayo waganga wake wawili, Maibach akiwa mmoja wao, waliwafanyia wafungwa wa Vacaville miaka ya 1960 na 1970, pamoja na kuwawekea dawa za wadudu kwenye ngozi, bila kufuata vizuri sheria ya idhini. Ngozi ya mfungwa ililipa. Ni haya kubwa kama elimu hiyo inabaki ndani ya vitabu, na mkulima wetu bado anakoroga kwa mkono.

Nilirudi kwa yule baba. Sikumpa somo la kolinesterasi. Nilimwambia habari ya muuza maua na suruali yake. Akanyamaza, akaangalia shati alilovaa, lile la kupulizia, ambalo alikuwa anarudi nalo nyumbani na kubeba nalo mjukuu. Akaita: «Mama, leta sabuni.»

Wenzangu agronomu, tunapoenda kwa wakulima tusianze na hektari. Tuanze na kijiti cha kukorogea, glavu, pompi isiyovuja, sabuni, na nguo ya dawa inayofuliwa peke yake. Na mtu akimwagikiwa: avue nguo, aoge sana kwa maji na sabuni, apelekwe mbio kituo cha afya pamoja na chupa yenye jina la dawa.

Mkono una kinywa. Tena hakisemi pale kinapokunywa.