Shenzi: Kivumishi Kilichohamia Kiingereza

Katika kamusi kubwa za Kiingereza limo neno dogo ambalo Mwingereza wa kawaida halijui: "shenzi". Masetla na maofisa wa kikoloni wa Afrika Mashariki walilitumia kwa mbwa asiye na asili maalumu, kwa kitu hafifu, na, tusifichane, kwa wenyeji wenyewe. Walilitwaa kwetu wakalivua viambishi. Sisi tuna mshenzi, washenzi, ushenzi na mambo ya kishenzi. Kiingereza, kisichojua ngeli, kilibaki na shina tupu.

Hata hivyo, dharau hiyo haikuanza na Mzungu. Katika miji ya pwani ya karne ya 19, mshenzi alikuwa kinyume cha mwungwana: mtu wa bara, asiye Mwislamu, ambaye mara nyingi aliletwa na misafara ya watumwa. Wapo wanaolihusisha neno hili na "zangi" la Kiajemi, yaani mtu mweusi, ambalo ndilo asili ya Zenji na ya jina Zanzibar. Ikiwa ni hivyo, watu wa pwani waliwatupia wenzao wa bara jina lile lile ambalo wageni waliwapa wao.

Hapa Uganda neno lilikuja kwa njia ya kambi. Kikosi cha 4 cha King's African Rifles kilikuwa cha Uganda, na Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi hilo. Mwaka 1973 Idi Amin, aliyeingia jeshini humo mwaka 1946, alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Wazazi wetu walilisikia neno hili kwenye vizuizi vya barabarani, pamoja na kitako cha bunduki.

Mwaka 2022, baada ya Baraza la Mawaziri kuamua kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, mzee mmoja alinijia akauliza kama namfundisha mjukuu wake lugha ya "mshenzi wewe". Nilimwomba ataje maneno mengine anayoyajua. Akataja "leta", "toka" na "lala chini". Yote ni amri. Sikupata jibu la haraka.

Baadhi ya wenzangu huona afadhali neno hili liachwe kabisa. Mimi nimeliweka katika somo la vivumishi, karibu na "-ungwana", na historia yake naieleza kabla ya zoezi.