Uwanja wa Riyadha: Historia Fupi ya Maulidi ya Langoni na Mchezo wa Kirumbizi

Maulidi ya Riyadha, yanayofanyika kila mwaka katika mtaa wa Langoni, kusini mwa mji wa Lamu, ni mkusanyiko wa dini ambao kwa miaka mingi umebeba ndani yake ngoma na michezo ya mashindano, na katika michezo hiyo hakuna unaowavuta vijana wa mji kama kirumbizi, yaani pambano la wanaume wawili wenye fimbo ndani ya duara la watazamaji, wakifuata mdundo wa ngoma na sauti ya zumari. Wakati wa maulidi hayo ni wiki ya mwisho ya Mfungo Sita, mwezi ambao Waarabu huuita Rabiul-awwal na ambamo Mtume Muhammad alizaliwa, na kwa kuwa hesabu hiyo hufuata mwandamo, kila mwaka sherehe hutangulia kwa siku kama 11 katika kalenda ya kawaida, hata zikapita katika kaskazi, masika na kusi bila kubagua. Pambano hilo halina kampuni, mkataba wala kiingilio. Mwenyeji wake ni msikiti pamoja na watu wa mtaa.

Sababu ya uwanja wa pambano hilo kuwa Langoni na si kwengineko haieleweki bila kuutazama mji wa Lamu ulivyokuwa katika robo ya mwisho ya karne ya 19. Upande wa kaskazini, Mkomani, zilisimama nyumba za mawe za waungwana, yaani wenyeji wenye nasaba, mali na watumwa, na elimu ya dini ilikuwa ikizunguka zaidi katika nyumba hizo hizo. Upande wa Langoni walikaa kwa wingi watu waliohesabiwa kuwa wa kuja, kama Wagazija kutoka Ngazija, Washihiri kutoka Hadhramaut na Wabajuni kutoka visiwa vya kaskazini, pamoja na watumwa na wazao wao, katika nyumba za udongo na makuti ambazo moto ulikuwa ukizila mara kwa mara. Pande mbili hizi zilishindana kwa kila kitu kinachoweza kushindaniwa, kuanzia tungo hadi ngoma, na mashindano hayo hayakuwa mchezo mtupu, kwani heshima ya mtaa mzima iliwekwa rehani.

Katika mji huo aliwasili kijana sharifu kutoka Ngazija, Saleh bin Alawi wa ukoo wa Jamalilleil, ambao asili yake ni Hadhramaut, na ambaye baadaye ulimwengu wa Waswahili ulimjua kwa jina la Habib Saleh. Alikuja Lamu ambako alikuwa na jamaa, akasoma kwa wanazuoni wa mji, na kwa nasaba yake angeweza bila taabu kupata nafasi ya kukaa miongoni mwa wakubwa wa Mkomani. Aliyoyafanya badala yake ndiyo yanayomfanya apewe nafasi pana katika historia yoyote ya Langoni: alihamishia maisha yake kwa watu wa chini, akawatibu wagonjwa wao, akawaozesha na kuwazika, na akawasomesha watoto wao Kurani na elimu nyengine za dini, watoto wa watumwa wakiwamo. Inafaa kukumbukwa kwamba sheria ya kuondoa utumwa katika eneo hilo la himaya ya Waingereza ilipitishwa mwaka 1907, kwa hiyo darasa lile lilikuwa limeshatangulia mbele ya serikali. Manung'uniko yalisikika katika baraza za Mkomani, naye hakuyajibu ila kwa kuendelea kufundisha.

Mwanzoni mwa karne ya 20, kwenye ardhi ya mchanga nyuma ya Langoni ambayo wakati ule ilikuwa pembezoni mwa mji, ulijengwa Msikiti wa Riyadha pamoja na chuo chake, na jina lake likafuata ribati ya Seiyun huko Hadhramaut, yaani makao ya kusomea na kulala wanafunzi, iliyoasisiwa na mwanachuoni Ali bin Muhammad al-Habshi. Kwa al-Habshi ndiko yalikotoka pia maulidi mapya ya Simtud-durar, ambayo Habib Saleh aliyaingiza Lamu mahali ambapo mpaka wakati huo watu walizoea maulidi ya Barzanji. Tofauti yake haikuwa ya maneno peke yake, kwa sababu maulidi ya Habshi yalisomwa kwa twari, yaani matari ya ngozi ya kupigwa kwa kiganja, na kwa nai, ambayo ni filimbi ya mwanzi. Kupiga twari katika shughuli ya msikitini ni jambo ambalo wanazuoni kadhaa walilikataa, na hayakukosekana maneno kati ya watu wa mji mmoja. Lakini yatosha kusema kwamba maulidi hayo yalienea pwani nzima, na kwamba wengi wa wajukuu wa wale waliopinga huja leo kukaa safu za mbele.

Aliyeruhusu twari ndani ya msikiti hakuona tabu kuruhusu ngoma nje yake, na hapa ndipo historia ya dini na historia ya mchezo zinapokutana. Masimulizi yanayopendwa zaidi na wafuasi wa Riyadha yanahusu uta, ngoma ya watu wa chini ambayo waungwana waliitazama kwa dharau: inasemwa kwamba Habib Saleh hakuipiga marufuku, bali aliwapa wachezaji wake maneno ya dini ya kuimba, ili waliokuwa wakicheza waendelee kucheza na huku wakijifunza. Kwa njia hiyo uwanja wa mbele ya msikiti ukawa mahali pa halali kwa ngoma ambazo kwengine zingefukuzwa, likawamo goma, ambamo wanaume wenye kanzu nyeupe husimama safu moja na kuyumba taratibu wakiinua bakora zao, na kikawamo kirumbizi. Hakuna haja ya kumfanya Habib Saleh kuwa mwanzilishi wa kirumbizi, mchezo ulioenea pwani na ambao nyumbani pake pa asili ni arusi, jando na sikukuu; sifa yake ni kuupa mahali pa kurudi kila mwaka, na mchezo wenye mahali pa kurudi haupotei upesi.

Namna ya kuuchezea ni hii. Watazamaji hufanya duara, wapigaji hukaa upande mmoja na ngoma zao, na mpiga zumari, ambaye hujaza pumzi mashavuni ili sauti isikatike, huanza kuita. Mmoja huingia na fimbo, mara nyingi ya mti mgumu kama mtobwe, akazunguka kwa hatua za mdundo na kujionyesha hadi atokee wa kumkabili. Kisha mmoja huvurumisha fimbo na mwenziwe huipokea kwa yake, sauti ya mti kwa mti ikawa sehemu ya muziki. Mapigo huelekezwa kichwani na mwilini kana kwamba yamekusudiwa kuumiza, na asiyekuwa mwepesi huumia kweli, lakini mchezaji mzuri hujulikana kwa kinga yake na kwa kutoikosa ngoma hata anapokwepa, wala si kwa idadi ya wenziwe aliowatoa damu. Anayechoka au kuzidiwa hutoka na mwengine huingia, na hasira ikichomoza, wazee huingia kati kabla ya jambo kufika mbali. Watazamaji nao hutunza, yaani humpa mchezaji au mpiga zumari fedha papo hapo uwanjani, na hiyo ndiyo hukumu pekee inayotolewa.

Waliozoea kutazama kwenye televisheni mieleka ya kulipwa, ile ya Marekani ambayo mshindi hupangwa kabla na ufundi ni kuwafanya watazamaji waamini, wanaweza kuona udugu fulani, kwa maana huku pia mapambano ni ya kuonyeshwa na majigambo ni nusu ya kazi. Tofauti ni kwamba katika kirumbizi hakuna aliyepanga mwisho, na fimbo inayokuja haina mapatano. Kilicho karibu zaidi kinapatikana Makunduchi, Unguja, katika sherehe ya Mwaka Kogwa, ambamo wanaume wa pande mbili hupigana kwa mashina ya migomba ili kumaliza kinyongo cha mwaka, ingawa kwa utulivu wa hatua na adabu ya muziki, ni haki kusema, Langoni imezidi.

Habib Saleh alifariki katikati ya miaka ya 1930 akazikwa Lamu, na uongozi wa Riyadha ukabaki kwa wanawe, akiwamo Ahmed Badawi, na kisha wajukuu. Chuo kilitoa walimu waliokwenda sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na wengi wa hao walirudi wakati wa maulidi pamoja na wanafunzi wao, hivyo kwamba wageni wa Unguja, Ngazija, Mombasa na Uganda wakawa sura ya kawaida mtaani. Ijumaa asubuhi baada ya usiku wa kilele hufanywa ziara ya kaburi lake, na zefe, yaani maandamano ya twari na kaswida, hupita mjini.

Uhuru wa Kenya ulikuja mwaka 1963 bila kuukatiza mwendo huo. Michezo mengine iliongezeka kandokando, kama mbio za punda kwenye barabara ya ufukoni, mashindano ya mashua, kuogelea na bao. Mji mkongwe uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, na karibu na wakati huo huo likaanzishwa tamasha jengine la utamaduni. Kaunti ya Lamu ikapata serikali yake mwaka 2013. Miaka ya 2011 na 2014 ilikuwa na mazito ya usalama ambayo yalipunguza wageni, na mwaka 2020 ukawa na maradhi yaliyozuia mikusanyiko duniani kote. Baina ya hayo, wapo waliosema kwamba ngoma zinaifunika ibada, na wapo waliojibu.

Mbio za punda na za mashua sasa zina washindi na zawadi, na pendekezo la kukipa kirumbizi kikombe si gumu kulifikiria. Kikombe kingehitaji mwamuzi, alama na orodha ya majina, nalo duara lingelazimika kufungwa kwa asiyeandikishwa, mahali ambapo mpaka sasa mtu hahitaji ila fimbo na ujasiri wa kuingia wakati zumari inapoita.