NGUZO ZETU NA ADUI WAKE

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wengine watahesabu marobota ya tumbaku. Sisi twaomba ruhusa ya kuhesabu nguzo, maana bila nguzo hapana bani, hapana boma, hapana ghala.

Adui wa nguzo ni wa zamani. Wajerumani walipojenga reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, walitandika mataruma ya chuma kwa kuwa mchwa hula yale ya mti. Kutoka reli hiyo, pale Kaliua, ndipo lilipoanzia tawi lililofika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi. Lakini mkulima wa Shanwe hana chuma cha kutosha. Hapana budi ategemee mti.

Wazee wetu walichagua mninga, nao hawakukosea. Lakini uimara wa mninga umo katika kiini chake chenye rangi nyekundu. Sehemu nyeupe ya nje huliwa upesi, hata ikiwa ya mti bora. Wengi wetu tuliunguza ncha kwa moto, tukiamini kwamba makaa yatamzuia mchwa. Majaribio ya Marekani yameonyesha kwamba kuunguza peke yake hakufai sana. Kadhalika oili chafu hubaki juu juu tu, tena huharibu udongo na maji.

Mwaka 1838 Mwingereza John Bethell alipata hati ya kushindilia mafuta ya lami ndani ya mti. Mwaka 1933 Sonti Kamesan wa India aliunganisha shaba, kromiamu na aseniki. Dawa hiyo ndiyo iliyozipa nguzo nyingi za umeme rangi ya kijani. Lakini aseniki ni sumu, na tangu 2004 Ulaya na Marekani zimebana sana matumizi yake majumbani. Basi vipande vya nguzo hizo visichomwe kamwe, jikoni wala katika bani.

Nini basi la kufanya? Tumenye gome mara tukatapo mti. Tupange nguzo juu ya mawe, kivulini, zikauke kwa miezi. Tukate kichwa cha nguzo kwa mshazari ili mvua iteremke. Shimoni tutie changarawe, na juu tuinue udongo ili maji yasituame. Kwani nguzo huoza kwanza pale usawa wa ardhi, ambapo hewa na unyevu hukutana. Mkaratusi mchanga una kiini kidogo, hivyo utiwe dawa kiwandani au utumike mahali pakavu.

Ndugu wanachama, kila nguzo inayoanguka kabla ya wakati wake hudai mti mwingine, na mninga haukui kwa msimu mmoja. Mabani yetu yamekwisha kula kuni nyingi za misitu hii. Tukiitunza nguzo moja isimame miaka mingi, tumewaachia watoto wetu mti uliosimama porini.